Mbuzi wa Saquina Hulala Saa Kumi na Mbili

Mdogo wangu Saquina ana mbuzi ambaye hajawahi kula jani wala kuacha harufu uani. Anakaa ndani ya mashine ndogo ya michezo inayofunguka kama pochi. Amevaa kilemba cha buluu, anaitwa Dona Rosalina, na ikifika saa kumi na mbili jioni anaingia kwake, anafunga mlango, analala. Ukimbishia hodi yanatokea maandishi ya Kireno: mwenye nyumba amelala, njoo kesho. Mimi namchukia mbuzi huyo. Nilimchukia tangu siku ya kwanza bila sababu ya maana, na sasa sababu ninayo, tena kubwa.

Naitwa Sumaia. Nashona nguo barazani kwetu hapa Palma, kwa hiyo mchana kutwa niko nyumbani na cherehani yangu. Saquina hayuko. Anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya watu wa gesi, anamenya vitunguu na kuosha masufuria yanayoweza kumeza mtoto. Gari linampitia saa kumi na nusu alfajiri na kumrudisha saa kumi na mbili na nusu jioni. Anatoka gizani na kurudi gizani. Siku ya mapumziko, ambayo hapa wote tunaiita folga, anapata moja kila baada ya wiki mbili. Ukimuuliza jirani yetu wa pili rangi ya mlango mpya tuliotia mwaka jana, atakuambia. Ukimuuliza Saquina, atafikiri kwanza.

Na huyu alikuwa mtu wa mchana kuliko sisi sote. Asubuhi alikuwa akisaga msiro, ule unga mweupe wa mti, anajipaka usoni na kukaa nao mpaka adhuhuri, anachambua mchele uani huku anagombana na kuku. Maji yakitoka pwani alikuwa wa kwanza kushuka na ndoo kuchokoa kombe, na wa mwisho kupanda. Alikuwa na mdomo. Mtu akipita bila kusalimia, alimsalimia kwa sauti hadi yule arudi nyuma. Sasa msiro umekauka kwenye kijiwe chake. Ajipake, nani amwone? Kwenye gari la kambi watu husinzia, na kule jikoni wanavaa barakoa.

Mume wake alikuwa Sadique, mtu wa Mucojo, mpole, mwenye maneno machache ambayo aliyarudiarudia. Moja lilikuwa hili: akiingia tu mlangoni, kabla hajavua viatu, humuuliza mkewe, "Umekula lakini?" Si "umekula" tu kama tunavyoulizana sote. Ile "lakini" ya mwisho aliiweka kana kwamba mkewe ameshajibu kuwa amekula na yeye hajaamini. Nayaeleza haya kwa urahisi leo. Wakati ule niliyasikia kila siku kwa miaka saba na sikuyatilia maanani hata kidogo.

Meli za kutafuta gesi zilipoanza kuzunguka baharini zikiburuta nyaya zao ndefu, Sadique alipata kazi kwenye mashua iliyotangulia mbele kuwaambia wavuvi wasogee. Huko alijuana na fundi mmoja Mreno, Gaspar, na Gaspar alipomaliza mkataba wake alimwachia ile mashine. Sadique alikuja nayo nyumbani akiificha kwenye kofia. Ndani mlikuwa na mchezo mmoja tu: kijiji kidogo, na kazi yako ni kukaa humo. Unapanda maua, unavua samaki, unajenga nyumba, unasalimiana na majirani, na majirani wote ni wanyama. Hakuna kushinda wala kushindwa. Nilipoambiwa hivyo nikauliza, sasa mchezo uko wapi?

Kabla ya yote mashine ilitaka kujua saa. Tulikuwa barazani, jua limeshapanda. Sadique akanigeukia.

"Shemeji, saa ngapi?"

"Saa tatu," nikamjibu, na kweli ilikuwa saa tatu.

Akaandika tatu. Mtu yeyote wa hapa angeandika tatu. Hatukuwaza kwamba mashine inahesabu kama Wareno, kuanzia katikati ya usiku, na kwamba kwake saa tatu ni saa ambayo hata jogoo hajaamka. Kijiji kikafunguka kikiwa giza totoro, nyota juu, milango yote imefungwa. Wakadhani ndivyo kinavyoanza. Adhuhuri, jua likiwa utosini kwetu, ndipo kwenye mashine kukapambazuka. Saquina alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema huo ni mchezo wa wavivu, watu wake wanaamka saa sita.

Wakazoea. Wakajua kwamba jua la humo liko nyuma ya letu, na kwamba jioni sisi tukiwasha taa, kwao ndiyo mchana kweupe. Hawakujua kwa nini, na hawakujali. Sadique aliporudi kutoka kwenye mashua walikaa mkekani, vichwa vimegusana, wakipanda maua ya kuchorwa kwenye mwanga wa kuchorwa. Mimi nilikuwa nikipita na kugeuza macho. Watu wazima wawili, wenye shamba la minazi halisi ng'ambo ya ghuba linalohitaji kupaliliwa, wamekaa wanamwagilia kitu kisichokunywa maji! Niliona kinyaa, na nilisema.

Mchezo ule unakuruhusu kumfundisha jirani neno, naye atalitia mwishoni mwa kila anachosema. Kisanduku kina nafasi ya herufi kumi na tano, basi. Sadique akaandika neno lake, likaenea kwa shida. Tangu siku hiyo Dona Rosalina akawa anaongea Kireno chake kirefu cha jua na maua, na mwisho anamalizia: Umekula lakini?

Masika ya pili tangu mashine ije, Sadique aliugua ini. Wiki tatu tu, akaondoka. Tukamzika.

Saquina alikaa eda ndani, miezi minne na siku kumi, na muda wote huo ile mashine haikutoka mkononi mwake. Nilidhani anapoteza muda. Siku moja nikasimama nyuma yake, nikaona mbuzi yule amejaa kwenye kioo, na mdogo wangu, mjane wa wiki sita, anamtazama na kutabasamu. Nilijua neno la marehemu limo mle. Nikamwambia waziwazi kwamba ni jambo baya, maneno ya mtu aliyefariki kuwekwa kinywani mwa mnyama, tena mnyama wa uongo, na kwamba aombewe dua badala ya kuchezewa. Akanijibu bila kugeuka.

"Dua namwombea, dada. Hili ni jambo lingine."

Eda ilipokwisha alikwenda kuandikishwa kambini, maana cherehani moja haiwezi kulisha nyumba. Na hapo ndipo lile kosa letu la saa likawa neema. Mwanamke anayerudi saa kumi na mbili na nusu, giza limeshatanda, alifungua mashine yake na kukuta saa sita na nusu za mchana. Jua linawaka, vipepeo wanaruka, duka liko wazi, na Dona Rosalina yuko nje anafagia mlango wake. Saquina alimsalimia, akaulizwa kama amekula, ndipo akafunua sahani yake na kula. Kila siku, mwaka mzima. Akiwa na folga alicheza jioni vilevile, hakubadilisha. Kati ya siku zake zote, ile nusu saa ndiyo aliyokuwa na mchana.

Kisha akaja mtu mwema.

Huyo ni Agostinho, karani wa serikali aliyeletwa huku kutoka Inhambane, tuliyempangisha chumba cha uani. Sina la kumsema vibaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Analipa kwa wakati, anafagia mbele ya mlango wake, Kiswahili amejifunza cha sokoni na anakisema bila haya. Siku moja ya folga Saquina alikuwa barazani, mashine anaichaji kwa sola ya jirani, akaifungua kidogo kuona kama betri imejaa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Agostinho, ambaye hutuita mana, yaani dada, akachungulia begani.

"Mana Saquina, mbona usiku humu?"

"Ndivyo ulivyo," akasema Saquina. "Humo wanachelewa."

"Hapana. Saa yako errada, imekosea. Inasema quatro."

"Sawa," nikasema mimi kutoka kwenye cherehani. "Si ndiyo saa nne?"

"Mana Sumaia, sasa ni dez."

"Saa nne."

"Quatro ni nne. Sasa ni dez, kumi!"

"Saa kumi ni alasiri, bwana. Umelala mpaka umechanganyikiwa?"

Tulibishana hivyo kwa kitambo, mimi na yeye, kila mmoja akiwa na haki yake, mpaka akatuelewa na kuanza kucheka. Alicheka vizuri, bila dharau. Alisema kumbe miaka yote hii kijiji cha watu kimeishi kwa saa ya Waswahili. Kisha akaomba mashine, akatafuta, akapata mahali pa kurekebisha. Palikuwa na onyo. Alilisoma na kutueleza: saa hurekebishwa mara moja tu, baada ya hapo inafungwa kabisa, ili watu wasiichezee kudanganya mchezo.

"Niweke sawa?" akamuuliza Saquina.

Ningemlaumu mdogo wangu, lakini siwezi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, jua lilikuwa juu ya miguu yake, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa akimwambia kwamba jua lile linaweza kuwa humo pia. Akaitikia kwa kichwa. Agostinho akabonyeza, na kijiji kikajaa mwanga. Dona Rosalina akatoka mlangoni, akauliza kama amekula. Saquina akashika mdomo kwa furaha. Siku nzima alicheza, mchana ndani na mchana nje, na Agostinho akaenda zake akipiga mluzi kama fundi aliyemaliza kazi.

Kesho yake Saquina alirudi saa kumi na mbili na nusu, akanawa, akakaa mkekani, akafungua. Giza. Taa moja ya njiani, duka limefungwa, vipepeo hakuna. Akaenda kwa Dona Rosalina, akapiga hodi. Amelala tangu saa kumi na mbili. Amemkosa kwa nusu saa.

Alifunga mashine polepole. Sahani yake ilikuwa imefunikwa kawa, hakuifunua.

Nataka nieleze chuki yangu ilivyo, isije ikadhaniwa ni ya mwanamke asiyependa vitu vipya. Nauliza tu: aliyetengeneza mchezo ule alimtengenezea nani? Ameutengeneza ili jua la humo lifuatane na jua la nje, dakika kwa dakika, na akajiona mjanja. Basi anayeufaidi ni yule ambaye mchana ni wake. Agostinho hutoka ofisini saa tisa na nusu. Angekuwa na mashine ile, angepata saa mbili na nusu nzuri za kununua mbegu na kupiga soga na mbuzi. Mwenye kumenya vitunguu vya kambi hapati hata dakika moja. Kambi imemnyang'anya mchana wa duniani, na mchezo, ambao kazi yake ni kumpumzisha, unamnyang'anya na ule wa kuchorwa. Anarudi amechoka na kukuta mlango mwingine umefungwa. Huo ni ulinzi wa geti, na walinzi wa geti tunao wa kutosha Palma siku hizi. Kichefuchefu kitupu.

Siku ya sita ikaja barua ndani ya mchezo. Agostinho aliisoma usiku huohuo, sauti imeshuka, maana alikuwa ameanza kuelewa alichokifanya. Dona Rosalina anasema anajisikia mpweke. Hajasalimiwa. Zikitimia siku kumi tangu asalimiwe mara ya mwisho, atafungasha vyake na kuhamia kijiji kingine, na aliyehama harudi.

Folga ya Saquina ilikuwa siku ya kumi na nne.

"Rudisha saa ilivyokuwa," nikamwambia Agostinho.

"Imefungwa, mana. Desculpa. Kweli, nisamehe."

Kesho yake alfajiri alipanda gari kwenda Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, kwenye semina ya makarani, wiki mbili. Saquina alijaribu kambini. Aliomba atoke mapema siku moja tu, mkuu wa jikoni akamuuliza kuna msiba? Hakuna. Kuna mgonjwa? Hakuna. Basi sababu gani? Alisimama pale na kisu mkononi, akashindwa kusema kwamba kuna mbuzi. Na mashine yenyewe haingii getini, wanakagua mifuko. Akanisimulia hayo yote huku anacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda.

Ndipo akaniomba mimi. Nilikuwa nyumbani, mashine ilikuwa nyumbani, mchana ulikuwa wangu wote. Nikakataa. Nilisema, "Nimsalimie mbuzi? Mimi? Watu wakinipita hapa barazani wanione naongea na kioo? Na aende! Akienda utapumzika." Siku ya saba nilikataa, ya nane nikakataa. Nilidhani namponya.

Siku ya tisa alirudi, hakufungua mashine kabisa. Alikaa mbele yangu, harufu ya vitunguu imemjaa mpaka kwenye nywele.

"Dada, kesho ni ya kumi. Tangu tumzike Sadique sijakuomba kitu."

Ilikuwa kweli. Nikakubali kwa kusonya. Akanionyesha: hapa unatembea, hapa unaongea, nyumba yake ni ile yenye paa jekundu.

"Akianza kusema maneno yake?"

"Bonyeza tu hapa mpaka amalize. Ukishamsalimia imetosha."

Siku ya kumi nilikuwa na gauni la harusi la mtu. Nilishona mpaka adhuhuri, nikaswali, nikala, ndipo nikaichukua ile pochi kama mtu anayeshika kitambaa cha pua cha mwenzake. Ikafunguka. Sikuwahi kuangalia ndani vizuri. Palikuwa na njia ya mawe na maua pande zote mbili, na nyumba ndogo ya samawati yenye mlango wa kijani, kama ile ambayo Sadique na Saquina walisema kila mara kwamba wataijenga Mucojo. Nikasimama kuitazama. Nikajichukia kwa kuitazama, nikatembea haraka.

Mbuzi alikuwa nje, na vibunda viwili karibu na mlango wake. Aliponiona akaruka. Akaanza kuongea, Kireno kirefu, na mimi nikabonyeza, nikabonyeza tena. Maandishi yalikimbia. Neno la Sadique lilipita mbele ya macho yangu mara tatu au nne siku ile, lazima lilipita, na sikulisoma. Nilitaka kumaliza nirudi kwenye gauni.

Kisha akaacha kuongea. Likatokea swali, na chini yake maneno mawili: Sim. Não. Ndiyo, au hapana.

Kireno changu ni cha darasa la nne. Lakini jibu nalijua, hapa wote tunalijua. Mwaka uleule watu wa mradi wa gesi walikuja kuzungumza nasi kuhusu mashamba. Waliweka turubai, viti vya plastiki na soda. Mmoja alisoma karatasi ndefu kwa Kireno, mwingine akaifupisha kwa Kiswahili mpaka ikawa sentensi tatu, kisha tukaulizwa kama tumekubali. Tukajibu sim. Mimi nilikuwa safu ya mbele na nilijibu kwa sauti, kwa sababu jua lilikuwa kali na nilitaka kwenda nyumbani. Minazi yetu ya ng'ambo sasa ina namba za rangi nyekundu za mradi. Ukiulizwa kitu kwa Kireno unasema sim, ili watu waondoke wakuache na kazi zako.

Nikabonyeza sim.

Kikatokea kisanduku kitupu. Mstari mdogo unawaka na kuzima mwanzoni mwake, unangoja. Juu yake niliweza kusoma maneno mawili, palavra nova, na hayo nilifundishwa shuleni: neno jipya. Mbuzi alikuwa amesema amechoka na neno lake la zamani, na ananiomba lingine, na mimi nimesema ndiyo.

Nikabonyeza kurudi nyuma, hairudi. Nikabonyeza kila kitufe. Nikawaza kuizima, lakini ilikuwa siku ya kumi, na vile vibunda vilikuwa mlangoni. Nikajiambia, tulia, Sumaia, neno unalijua, shemeji yako aliingia mlango huu kwa miaka saba akilisema. Nikafumba macho nimsikie. Nilimwona vizuri, viatu vyake, kofia yake. Nikaandika herufi moja moja: Umekula?

Dona Rosalina akaruka kwa furaha. Akasema kitu cha Kireno na mwisho akamalizia, Umekula? Vile vibunda vikatoweka. Nikafunga mashine na kumshukuru Mungu, na nikakamilisha gauni la watu.

Jioni Saquina aliingia akihema, hata hodi hakupiga.

"Ulimsalimia?"

"Nilimsalimia. Anabaki."

"Alisemaje?"

"Anachosema siku zote."

Akanikumbatia. Usiku huo alifunua kawa na kula wali wote, na samaki, akaomba tena. Nami nikamtia, nikiona nimefanya jambo kubwa.

Siku nne zikapita. Siku ya folga nilipoamka nilimkuta ameshaamka kabla yangu. Alikuwa ameoga, amekisugua kile kijiwe, na uso wake wote ulikuwa mweupe kwa msiro. Sijamwona hivyo tangu kabla ya eda. Akaleta kigoda, akakaa barazani karibu na cherehani yangu, mahali jua linapofika kwanza, akasubiri mpaka saa moja ifike. Alimsalimia kwa sauti mama mmoja aliyepita na ndoo. Kisha akafungua mashine.

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikasikia zile kelele ndogo za mchezo, hatua zake kwenye njia ya mawe, halafu ule mlio wa mbuzi anapoanza kuongea. Akabonyeza tena. Mbuzi akaongea tena. Akabonyeza mara ya tatu, na sasa aliusogeza uso karibu na kioo kama mtu mwenye macho mabovu.

"Na lakini yake iko wapi?"

Nikakanyaga cherehani.

"Dada. Lakini yake iko wapi?"

Nikaacha kukanyaga. Nikamweleza yote, mpaka vibunda, mpaka kile kisanduku kitupu. Nilipofika mwisho alikuwa hajanikatiza hata mara moja, yeye aliyekuwa na mdomo.

"Ulielewa alichokuuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini hukubonyeza não?"

Nilimwambia tu ukweli, kwamba katika maisha yangu sijawahi kusema não kwa mtu.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Msiro ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka pembeni mwa mdomo wake. Akaingia ndani kunawa, na wakati huo hata saa mbili haijafika.

Agostinho aliporudi kutoka Pemba alieleza kwamba majirani wa mle hawaulizi swali lile kila siku. Humuuliza anayewasalimia baada ya kupotea siku nyingi. Angekuwa anasalimiwa kila jioni kama zamani, asingeuliza. Alisema pia kwamba huenda siku moja ataomba neno tena, na kwamba hapo tunaweza kuliandika lile la kwanza, lote, na lakini yake. Saquina akamjibu kwa upole kwamba litakuwa limeandikwa na mkono mwingine. Agostinho akaomba ruhusa, akaenda chumbani kwake. Namwona anavyopita uani siku hizi, ananyata, na hata kumchukia imenishinda. Chuki yote imebaki kwa saa ile, na kwangu.

Mashine iko juu ya kabati, betri imekwisha. Saquina bado anatoka saa kumi na nusu na kurudi saa kumi na mbili na nusu. Wiki iliyopita aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni, na neno likanitoka lenyewe, zima, jinsi lilivyokuwa.

"Umekula lakini?"

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Usiliseme hilo," akasema, akavua viatu.

Sijalisema tena. Akiingia naweka sahani mkekani, naifunika kawa, narudi kwenye cherehani.